Breki Yenye Njaa

Mtu akikwambia kigari kidogo ni cha kwendea sokoni tu, ujue hajawahi kumwona Pia. Sasa hivi hutamwona tena kwenye usukani, na sababu nitaieleza, lakini enzi zake, jamani! Alikuwa anakuja na kigari cha milango miwili, magoti yake yakikaribia kugusa usukani, anakuja mbio ameelekea ukutani kabisa, watu wamefumba macho. Halafu mkono wa kushoto unavuta breki ya mkono, mkia wa gari unachora nusu duara, na ukifumbua macho gari limetulia, limetazama lilikotoka, naye ametoa kichwa dirishani anauliza kama kuna mtu amedondosha kitu. Ndiyo maana akaitwa Pia, kama ile pia ya watoto inayozunguka, na jina lilimganda mpaka mama yake mzazi naye akawa anamwita hivyo hivyo.

Kazi yake na wenzake ilikuwa nyuma ya ghala moja lililofungwa, kwenye uwanja wa lami ambapo zamani malori yalikuwa yanapakia. Mwenye maonyesho alikuwa bwana mmoja mnene tuliyemwita Kipaza, kwa sababu kile kipaza sauti hakikumtoka mdomoni hata akiomba chumvi mezani. Kuendesha gari mwenyewe alikuwa hajui. Lakini Jumapili mchana akisimama juu ya meza na kuanza kupiga chuku, uwanja ulikuwa unajaa mpaka watu wanapanda juu ya kuta.

Mchezo waliokuja kuutazama ni mmoja, ule wa kuchomeka. Magari mawili yanaegeshwa kando ya ukuta, moja mbele ya jingine, katikati yanaachiwa nafasi ya kigari kimoja na ushee kidogo. Ndani ya nafasi hiyo, mgongo ukutani, anasimama mwanamke mwenye gauni jekundu. Pia anakuja mbio sambamba na ukuta, anakata usukani, anakanyaga klachi, anavuta breki, gari linakwenda ubavu ubavu na kujichomeka katikati ya yale mawili, na mlango wake unasimama kiganja kimoja kutoka magoti ya yule mwanamke. Mwanamke mwenyewe ni mkewe. Alianza kusimama pale wakiwa wachumba, akasimama mpaka mimba ilipomkatalia, na mtoto alipoacha ziwa akarudi ukutani kwake. Watu walikuwa wanamwuliza, Mama Cheche, wewe huogopi? Naye anajibu, "Mimi huyu bwana namwogopa akiingia jikoni tu."

Cheche ndiye huyo mtoto, binti yao wa pekee. Huyo naye ana habari zake, tutamfikia.

Kwanza mjue jambo moja kuhusu breki za hawa watu. Breki ya mkono ya gari lako ina meno ndani. Ukiivuta inang'ata, gari linakaa. Zao zilikuwa zimesagwa meno yote, ili ukivuta gari lizunguke, ukiachia breki ijirudie yenyewe. Na chini ya ule mkono wa breki, ndani ya kifuniko cha mpira, kuna nati. Ukiilegeza, waya unalegea, na inabidi uvute kwa nguvu zako zote mpaka juu ndipo tairi za nyuma zishike. Breki ya namna hiyo wao walisema imekula. Ukiikaza nati, unagusa tu na tairi zimeshashika. Hiyo wakasema ina njaa. Breki yenye njaa ilikuwa ya wanaojifunza, watu wasio na mkono bado. Dereva mzima hakukubali kuonekana nayo, bora umwone amekuja kazini bila suruali.

Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyeingia katika gari la mwenzake bila kuuliza. Anayepokea ufunguo anasema, "Imekula?" Na mwenye gari anajibu, imekula, au ina njaa. Basi. Ni neno moja tu, lakini pale uwanjani lilikuwa zito kuliko kiapo, maana mkono uliozoea breki iliyokula ukivuta vile vile breki yenye njaa, gari linazunguka kabla ya wakati wake na linakwenda linakotaka lenyewe.

Sasa Pia alianza kufa mkono.

Hakuna ajali, hakuna chochote. Miaka yote ile ya kuvuta na kuvuta, bega likachoka, shingo ikachoka, siku moja vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaamka na ganzi, na ganzi haikuondoka. Kikombe kikamponyoka, akakilaumu kikombe. Vifungo vya shati vikamshinda, akasema mashati ya siku hizi yameshonwa ovyo. Mkewe akamwuliza, una nini na huo mkono? Akajibu kwamba ameulalia vibaya. Alikuwa ameulalia vibaya mwezi mzima, masikini!

Na uwanjani? Uwanjani aliingiza mkono wa kulia ndani ya kile kifuniko cha mpira, hakuna anayemwona, akaikaza nati kidogo. Baada ya wiki kadhaa akaikaza tena. Mwishowe ile nati aliizoea hata spana hakuihitaji, alikuwa anaizungusha kwa vidole. Breki ikawa na njaa mbaya, njaa ya kunyonya, na Pia akaendelea kuchomeka kama kawaida, watu wakaendelea kupiga makofi. Kwake mwenyewe ilikuwa salama kabisa, alishajua kuigusa kama mtu anavyogusa jipu.

Utasema, si angesema tu? Mtu mzima, mkono umechoka, aseme. Haya. Lakini mjue na hili. Kabla yake alikuwepo dereva mwingine, mzee waliyemwita Babu Gia, na ndiye aliyemfundisha Pia kazi. Siku moja Pia, kijana, damu inachemka, aliingia katika gari la mzee bila kuuliza, akavuta breki kwa kidole kimoja, ikashika. Akatoka akicheka, akapiga kelele uwanja mzima ukasikia: "Oyaa! Babu, ina njaa hii!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kipaza akaitangaza na kwenye kipaza sauti. Wiki ile ile Babu Gia aliambiwa ashuke, akapewa kiti cha plastiki getini, awe anafungua na kufunga. Alikaa pale akasinyaa mpaka akafa, na Pia alikuwa anapita pale kila siku na kumwamkia, na mzee anaitikia marahaba bila kuinua macho.

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake. Kifo hakukiogopa hata kidogo, alikuwa amecheza nacho ujana wake wote. Aliogopa kuambiwa shuka, na kile kiti cha getini, na kicheko. Aliapa moyoni kwamba Pia hatashushwa na mtu. Na mimi nasema hivi: kuogopa si dhambi. Dhambi ni alichofanya baadaye.

Turudi kwa Cheche. Huyu binti alikulia kwenye lami ile. Mjomba wake, yaani kaka wa mama yake, ndiye aliyekuwa fundi wa magari yote ya maonyesho, mtu mkimya, kitambaa chenye grisi begani siku zote. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha, na alimfundisha kwa breki iliyokula tangu siku ya kwanza, hakumdekeza. Binti akatoka na mkono wa chuma. Alikuwa anavuta breki mpaka juu kwa mkupuo mmoja, gari linazunguka pale pale alipolitaka, na watu wakisema huo ni mkono wa baba yake mtupu, Pia alikuwa anavimba kichwa siku nzima. Alimpenda yule mtoto. Hilo silipingi, hata leo.

Kipaza naye aliona biashara. Akatangaza mji mzima kwamba Jumapili inayokuja binti wa Pia atachomeka kwa mara ya kwanza, na katikati atasimama mama yake mwenyewe. Mama akasema sawa, baba akasema sawa. Ijumaa asubuhi wakaja kufanya mazoezi.

Asubuhi hiyo klachi ya gari la Cheche ikagoma. Mjomba akaingia chini ya gari, akatoka, akatikisa kichwa. "Hili halitoki leo," akasema.

"Basi naomba la Baba," Cheche akasema. Akamfuata baba yake akiwa amenyoosha mkono. "Baba, nipe ufunguo. Nipige moja tu, nizoee nafasi."

Pia alikuwa ameegemea gari lake. Kipaza yuko pale anakunywa chai. Shemeji yake yuko pale anafuta mikono. Mkewe yuko kando anafunga vifungo vya gauni jekundu. Mahali hapo angeweza kusema gari lina hitilafu. Angeweza kusema ngoja nilegeze kitu hapa, na wangejua, ndiyo, wangejua mara moja, na Kipaza angecheka na chai ingempalia. Lakini wangecheka tu. Nani amewahi kufa kwa kuchekwa?

Akatoa ufunguo mfukoni.

"Imekula?" Cheche akauliza, kama walivyomfundisha.

Na Pia, mbele ya shemeji yake, akamtazama mtoto wake machoni, akasema, "Imekula, mama."

Huyo ndiye baba! Anamwita mtoto wake mama, kwa upendo, na kwenye mdomo huo huo anamdanganya. Nikilifikiria hili nafura mpaka leo.

Alikuwa na hesabu zake kichwani, msidhani hakuwa nazo. Dereva akipewa gari la mwenzake hupiga kwanza mzunguko mmoja mtupu katikati ya uwanja, mbali na ukuta, aisikie breki. Pia alijiambia, atapiga mtupu, atahisi mwenyewe, atakuja kuninong'oneza, nitamkonyeza, itakuwa siri yetu mimi na yeye. Aliiona siri hiyo kabisa, hata ikamfurahisha kidogo.

Cheche hakupiga mtupu. Gari la baba yake, neno la baba yake, ajaribu nini? Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja, akageuza, akaelekea kwenye ukuta. Na mama yake, naye akiwa amelisikia lile neno, akaingia katikati ya yale magari mawili na kuweka mgongo ukutani.

Pia aliona yote hayo. Alimwona mkewe anaingia, akaona gari linaanza kuja, akasikia gia ya pili inaingia. Alikuwa na nafasi ya kupiga ukelele mmoja, na Cheche angeusikia, madirisha yalikuwa wazi. Mdomo aliufungua. Lakini kulia kwake alisimama Kipaza na kushoto shemeji yake, na ukelele ule ungetaka maelezo. Akajiambia labda mtoto atavuta taratibu. Mtoto ambaye maisha yake yote hajawahi kuvuta taratibu!

Alivuta mpaka juu. Tairi za nyuma zilishika papo hapo, mapema mno, gari likazunguka kabla halijafika kwenye nafasi, mkia ukalipiga lile gari la kwanza lililoegeshwa. Lile gari likaruka, likamkuta mama, likambana kwenye gari la pili. Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Kipaza baadaye alisema alidhani ni sinia limeanguka.

Cheche alitoka kwa kupitia dirishani, sijui hata alipitaje. Mjomba alikwishafika, Kipaza alikwishafika na ule unene wake wote, wakaweka mikono chini ya bampa na kusukuma. Pia naye alikimbia, kila mtu alimwona anakimbia. Lakini yeye alikimbilia kwenye gari lake. Akaingiza kichwa na bega mlangoni, akazamisha mkono wa kulia chini ya kile kifuniko cha mpira, akaizungusha nati, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka waya ukalegea. Ndipo akatoka, akaenda kwa mkewe, akaanguka magotini pale kwenye lami na kulia kwa sauti. Na alikuwa analia kweli, hakuigiza. Hicho ndicho kinachonishinda kukielewa.

Walipokwisha kumpeleka hospitali, mjomba alirudi peke yake uwanjani kulikagua lile gari. Fundi ni fundi. Akakaa kwenye kiti cha dereva akavuta breki. Ikapanda, ikapanda, ikashika kule juu kabisa. Akavuta tena. Imekula, hakuna ubishi. Akakaa mle ndani muda mrefu, halafu akaenda hospitali, akamkuta mpwa wake kwenye benchi la korido na damu kwenye mikono ya blauzi, akashindwa kumtazama usoni. Cheche akaelewa.

"Nimevuta mapema, Mjomba, eh?"

"Mshtuko huwa unatokea," mjomba akasema. Kwa mtu mkimya kama yule hiyo ilikuwa hotuba, na ilimmaliza binti kabisa.

Mguu mmoja ulikatwa juu ya goti. Wa pili uliachwa, ila haukusikia tena amri ya mwenyewe. Mama Cheche alikaa hospitali muda mrefu, na siku ya kwanza aliyopata sauti ya kutosha alisubiri binti yake atoke kwenda kuchota maji ya kunywa, akamwita mumewe asogee karibu.

"Nilikuwa chini pale," akasema. "Nilikuwa nakutazama. Ulianza na gari."

Pia akaanza kumnyooshea shuka.

"Baba Cheche, mimi nimesimama mbele yako ujana wangu wote. Ulikuwa unafanya nini kwenye gari?"

Akamwambia. Akamwambia vidole, akamwambia nati, akamwambia Babu Gia na kile kiti cha plastiki. Alipomaliza mkewe alikuwa anatazama dari.

"Kwa ajili ya mkono tu," akasema. "Ungeniambia mimi. Ningekufungia hivyo vifungo kila asubuhi, na nisingemwambia mtu." Kisha akamgeukia. "Sasa mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

"Umwambie wewe kwa mdomo wako. Nikimwambia mimi, atakuwa hana baba tena. Ukimwambia wewe, huenda akakusamehe. Mimi sitaki kumvunjia nyumba mwanangu juu ya haya."

"Nitamwambia, mke wangu. Ngoja kwanza atulie."

Atulie! Mtoto ambaye usiku halali, chakula kinamkaa kooni, atatulia kwa dawa gani wakati dawa yenyewe ameishika baba yake? Lakini ndivyo alivyosema, na ndivyo alivyoendelea kusema walipomrudisha mama nyumbani, walipomtandikia kitanda sebuleni karibu na dirisha, na siku zote zilizofuata. Akitulia. Wiki ijayo. Leo ana homa, si leo.

Cheche aliacha kuendesha. Si kuacha kwa maneno, aliacha hata kukaa kiti cha mbele. Alipata kazi kwenye duka la dobi, kupiga pasi mashuka ya hoteli, akawa anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Ule mkono wake wa kushoto uliosifiwa mji mzima, akikaa alikuwa anaukalia, chini ya paja, kama mtu anayeficha kitu kichafu. Wageni wakija kumwona mama yake, wale wanaokuja kuuliza mara sita ilikuwaje, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anawajibu. "Niliuliza kabla sijaingia, na Baba aliniambia vizuri kabisa. Kosa ni langu." Na baba yake yuko pale pale sebuleni, anamimina chai.

Na Pia je? Aa, Pia mambo yalimnyookea. Alimwambia Kipaza kwamba baada ya yaliyompata mkewe hana moyo tena wa kushika usukani. Watu wakasema, mnamwona mume huyo? Ameacha kila kitu amuuguze mke! Jumapili moja Kipaza akapanda mezani, akamwaga sifa, akalia mle mle kwenye kipaza sauti, uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi Pia, mfalme wa kuchomeka, mtu wa familia. Basi akashuka kwenye gari na heshima zake zote, hakuna aliyecheka, na kiti cha getini hakukikalia. Alipata kile alichokitaka. Mimi nilikuwa kwenye makofi yale, na mimi nilipiga, kwani nilijua nini wakati ule?

Nyumbani alifanya kazi, lazima niseme ukweli. Alimwogesha mkewe, alimgeuza, alifua. Mkewe alimruhusu, ila aliacha kumwita kwa jina lolote. Akitaka maji alisema "maji". Kila jioni Cheche akirudi, mama alikuwa anamtazama mumewe, anamsubiri. Na yeye anainuka kwenda kuangalia sufuria.

Kazi hizo ndizo zilizomwumbua mkono. Beseni likamwanguka mara mbili mbele ya Cheche. Mara ya tatu binti akamshika kiganja, akakigeuza, akaona nyama ya chini ya kidole gumba imekwisha, imebaki ngozi na mfupa.

"Baba! Huu mkono umeanza lini?"

Hapa sasa. Mlango huu ulifunguka wenyewe, hakuubisha mtu. Alikuwa na haja ya kusema sentensi moja tu. Mama Cheche kule kitandani aligeuza kichwa kuwatazama.

"Siku ile," Pia akasema. "Nilipokuwa nainua lile gari limtoke mama yako. Kitu kilikatika humu ndani. Sikutaka mjue."

Cheche akamwachia kiganja. Alikwenda chumbani, akarudi na chupa ya mafuta ya kuchua, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake na kuanza kuukanda ule mkono. Alianzia kwenye vidole akapanda polepole mpaka kwenye kiwiko, na machozi yanadondokea humo humo kwenye mafuta. Kesho yake akafanya hivyo tena, na keshokutwa. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: akirudi kazini, kabla hata hajavua viatu, anamkanda baba yake. Na Pia alikuwa anaunyoosha mkono na kufumba macho.

Jumamosi moja mchana, jua limeingia mpaka katikati ya sebule, Cheche alikuwa amepiga magoti hivyo hivyo. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba, mimi sijawahi kukushukuru. Mjomba hawezi kuniangalia. Watu njiani wananinyooshea vidole. Nimemaliza miguu ya Mama, nimemaliza na mkono wako, na wewe hujanilaumu hata siku moja. Hata kunikunjia uso. Sijui ungekuwa baba mwingine ningekuwa wapi leo." Akaubusu ule mkono. "Asante, Baba."

Mama Cheche akajiinua kwa viwiko, jambo ambalo daktari alimkataza.

"Baba Cheche," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu hospitali. "Mtoto anakushukuru. Huna neno la kumwambia?"

Pia alimtazama mkewe, akakitazama kichwa cha binti yake kilichoinama pale magotini. Kisha akauweka mkono wake wa kulia, ule mzima, juu ya kichwa hicho.

"Usijali, mama," akasema. "Yameshapita."

Mama Cheche akajilaza tena taratibu.

"Cheche," akasema, "hebu acha huo mkono, mwanangu. Njoo unibebe. Nataka kuhamia chumbani kwako."

"Sasa hivi, Mama?"

"Sasa hivi. Na ukifika ufunge mlango."

Pia aliinuka kusaidia, mkewe akamwambia kaa. Akakaa. Binti akambeba mama yake mgongoni, mwepesi alivyokuwa amebaki, mlango ukafungwa. Pia akabaki peke yake sebuleni, mkono unang'aa mafuta. Alisikia sauti ya mkewe kule ndani, ya chini, haina haraka, haisimami. Hakusikia maneno. Alisubiri asikie kilio, au kitu kimetupwa, kwa kilio angejua la kufanya. Hakukuwa na kilio. Sauti ya mama ikaisha.

Mlango ulipofunguka, Cheche alitoka mikono mitupu kuchukua dawa za mama yake, zilizokuwa kwenye rafu nyuma ya kile kiti. Baba yake alikuwa amenyoosha miguu njiani. Binti akasimama mbele yake, akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyeketi kwenye benchi la watu wote.

"Wewe," akamwambia, "sogeza miguu nipite."